Ramadhani Niliyoacha Kuonja Mbata

Siku ya kustaafu nilirudisha kisu, muhuri, shazia ya kushonea magunia na funguo mbili za ghala, nikatia sahihi kwa kila kimoja. Karani aliyepokea alikuwa makini sana, hata shazia aliitazama ncha. Ulimi wangu hakuudai, ingawa kwa haki ndio niliofanyia kazi kuliko vyombo vyote hivyo. Upo mwaka mmoja niliuacha bila kazi, na watu wakaingia taabuni kwa sababu yangu. Nawaandikia habari hizo ninyi mnaoshika kisu hicho sasa. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaacha, maana kwangu yalikuwa mafupi na hayamfunzi mtu.

Niliingia kazini miaka michache kabla ya vita vya Hitla. Bei ya mbata, hiyo nyama ya nazi iliyokaushwa, ilikuwa imeanguka duniani kote, na wenye minazi wa Bagamoyo, Kaole na Mbegani walikuwa wanaziacha nazi zioze chini ya minazi kwa sababu kuzifua hakukulipa jasho. Wakubwa wakasema tatizo la pwani yetu ni uchafu wa mbata: wanunuzi wa ng'ambo wana hiari ya kuchagua sasa, na hawatachagua yetu. Basi likafunguliwa ghala la ukaguzi karibu na forodha, na kutoka Pemba akaletwa mtu wa kutufundisha.

Huyo alikuwa Bwana Khatib. Mrefu, mkavu, kanzu yake haikuwa na doa hata saa za alasiri, na ujana wake wote aliumaliza akikagua karafuu. Siku yangu ya kwanza alinipangia vipande vitano vya mbata mezani akaniuliza kipi ningekinunua kwa fedha yangu. Nikachagua kilichokuwa cheupe kuliko vyote, tena kwa haraka, nipate kuonekana mjuzi.

"Haya, kitafune," akaniambia.

Nikakitafuna. Uchungu ulinishika kooni mpaka machozi yakanilenga. Bwana Khatib akanisogezea kata ya maji bila kucheka.

"Macho yako yamekutia hasara asubuhi na mapema," akasema. "Kesho yaache nyumbani."

Alivyotufundisha ndivyo nilivyowafundisha ninyi, lakini nitarudia. Fungua mdomo wa gunia, ingiza mkono mpaka kwenye bega, toa kipande cha chini kabisa, maana kila mtu anajua kupamba juu. Kikunje. Kikipinda bado kina maji, kikikatika kwa sauti kimekauka. Kinuse. Halafu kata kijisehemu kwa kisu, kitie mdomoni, kitafune mpaka mafuta yatoke, uteme. Hapo tu ndipo unaposema daraja. Nilimuuliza kwa nini tusitosheke na mkono na pua, tukaokoa meno yetu.

"Daraja la pili linakwenda kuwa sabuni," akanijibu. "La kwanza linakwenda kuwa siagi ya kiwandani, mtu anapaka mkate, anampa mtoto wake. Anayeoga hailambi sabuni, Omari. Lakini huyo mtoto atakula ulichokipitisha wewe."

Nilikaa naye miaka minne. Katika miaka hiyo Ramadhani iliangukia mvua za vuli, na wakati wa vuli ghala letu lilifungwa kwa kuwa hapakuwa na jua la kukaushia kitu. Basi sikupata kumwona Bwana Khatib akifunga na kukagua kwa pamoja, wala haikunijia kumuuliza. Lishikeni hilo.

Vita vilipoanza yeye akarudi kwao, na huko Mungu akamchukua. Kwetu ukaguzi ukasimamishwa. Serikali ilinunua mbata yote kwa bei moja, nyeupe na nyeusi, nzima na iliyooza, kwa sababu Ulaya walikuwa na njaa ya mafuta na hawakuuliza. Mimi nikapewa kazi ya kuhesabu magunia matupu. Miaka ile iliharibu mikono ya watu. Bei ikiwa moja, nani atajisumbua kupanga mbata juani na kuianua kila wingu likipita? Ikinyeshewa ikaota ukungu, unaupangusa kwa makumbi ya nazi, unaianika tena siku mbili, inakuwa nyeupe kama haijaguswa, uchungu umebaki ndani. Kila nyumba ilifanya hivyo, na hakuna aliyeona ni wizi. Ilikuwa ndiyo desturi ya kutengeneza mbata.

Kisha vita vikaisha, na miaka michache baadaye pauni ya Waingereza ikashushwa thamani. Shilingi yetu ilikuwa imefungwa kwenye pauni kama mbuzi kwenye kigingi, ikashuka nayo. Bwana mmoja alitoka Dar es Salaam kutueleza. Tulimwekea kiti, akazungumza tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Maneno yake, nikiyakamua, yalikuwa haya: wenye dola sasa wataona mali yetu rahisi, watanunua nyingi, kwa hiyo wakati wa kupeleka mali nje ni huu, tusiupoteze. Alipouliza kama kuna mwenye swali, akasimama Bi Zena wa Mbegani.

Bi Zena alikuwa mjane, mtu mzima kunizidi, mfupi, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. "Bwana, nimekusikia," akasema. "Mbata yangu itapanda. Lakini juzi nimekwenda dukani, kanga imepanda, mafuta ya taa yamepanda. Sasa mimi nimepanda au niko palepale?"

Yule bwana akasema ni swali zuri. Nimegundua katika kazi hii kwamba swali likisifiwa hivyo halitajibiwa.

Jibu, kwa kweli, lilikuwa katika mpango uliofuata. Bei ya mbata ikagawanywa upya kwa daraja, na la kwanza likaliacha mbali sana la pili. Wenye minazi wakaunganishwa katika chama. Na jambo ambalo halijapata kuonekana Bagamoyo, benki moja ya Dar es Salaam ikakubali kukikopesha chama fedha kwa dhamana ya magunia yaliyopigwa muhuri, kabla hata meli haijafika. Zamani mkulima aliyekwama alikuwa na mlango mmoja tu, kwenda kwa mwenye duka na kuweka minazi yake rehani. Sasa alileta gunia kwangu, nikaonja, nikapiga muhuri wa wino wa samawati, na kwa muhuri ule chama kikamlipa sehemu ya fedha papo hapo. Mimi, mtoto wa mfua nazi, nilikuwa nashika kipande cha mti ambacho benki ilikiamini. Sitawadanganya, nilivimba kichwa.

Bi Zena alikuwa katika watu wa kwanza kujiunga. Shamba aliloachiwa na mumewe lilikuwa rehani tangu alipokuwa anamuuguza marehemu, na mwenye duka alikuwa amempa muda mpaka Idi. Fedha ikitimia kabla ya Idi, minazi inarudi. Isipotimia, inakwenda. Alituambia hivyo wote, bila haya, kila alipoleta gunia.

Na mwaka huo wa kwanza wa mpango, masika yalichelewa kuondoka, na Ramadhani ikaangukia katikati ya msimu.

Siku ya kwanza ya mfungo nilisimama mbele ya gunia, nikakunja kipande, kikakatika vizuri, nikanusa, nikainua kisu. Hapo nikasita. Mlangoni walikuwa wamesimama watu kama kumi wakingoja zamu. Niliona wazi maneno yatakavyofika barazani kabla ya mimi mwenyewe kufika: Omari anakula mchana. Ningeweza kumwuliza Maalim wa msikiti wetu, anakaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Sikumwuliza. Niliona aibu, mtu mwenye mvi kidevuni kwenda kuuliza swali la mtoto wa chuoni. Tena nilijiambia kwamba baada ya miaka yote hii mkono wangu unajua. Nikarudisha kisu alani, nikapiga muhuri. La kwanza.

Gunia la pili lilikuwa rahisi zaidi. Kufikia kumi la kwanza la mwezi nilikuwa nakagua kwa kasi ambayo Bwana Khatib hakuifikia maishani mwake, na katibu wa chama, Bwana Mshamu, akanisifu mbele za watu.

Mwezi ulipokaribia kuingia kumi la mwisho ikaja simu ya maandishi kutoka Dar es Salaam. Karani wa posta aliileta mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili kama tanzia. Magunia matatu ya daraja la kwanza yamekutwa machungu. Shehena yote imezuiwa bandarini. Benki imesimamisha malipo. Mkaguzi Mkuu atafika kesho. Chini yake zilikuwepo namba tatu.

Nilifungua daftari nikazitafuta. Namba zote tatu zilikuwa za Bi Zena.

Nilikumbuka siku aliyoyaleta. Nilikumbuka hata alivyoniambia mvua imemsumbua, na mimi nikamwambia, hapana neno Bi Zena, imekauka vizuri. Ilikuwa imekauka vizuri kweli. Ulimi ungenipa yaliyobaki.

Bwana Mshamu alifika mbio, kofia mkononi. Alikuwa mtu mwema, lakini jina lake lilikuwa kwenye karatasi za benki, na mtu ambaye jina lake liko kwenye karatasi za benki huwa hana subira.

"Kazi imekwisha," akasema. "Amebadilisha. Umepiga muhuri mbata safi, yeye akaja akafungua magunia, akatia ya ovyo, akashona tena. Yupo karibu na ghala kila siku, nani hajamwona? Tutamtoa chamani leo, kesho tukamwambie Mzungu tumeshamtoa. Benki itaona tumechukua hatua. Si ndiyo, Omari?"

Mkibakiza neno moja katika kumbukumbu hizi, bakizeni hili: nilinyamaza. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Niliinama nikajifanya natafuta kitu mezani. Yeye akachukua ukimya wangu akauweka mfukoni, akaondoka nao. Jioni ile habari ilikuwa imeenea mji mzima kwamba Bi Zena wa Mbegani ni mwizi, na kwamba hata mkaguzi hakumtetea.

Nilikwenda kufuturu, nikala matonge mawili nikasukuma sahani. Mke wangu, Mama Hadija, akaniuliza kulikoni, nikasema ni joto. Wakati huo wa mwaka kuna upepo wa kusi na watu wanajifunika shuka mchana.

Asubuhi Mkaguzi Mkuu alifika na lori. Mji ulimwita Bwana Miwani, kwa sababu alikuwa na miwani ya kusomea na nyingine ya kuendea, na daima alivaa isiyofaa. Hakuwa mtu mbaya. Kiswahili alikijua, sauti hakuipandisha, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuja na magunia yale matatu. Wanachama walikuwa wamejaa mlangoni, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, na katikati ya wanawake Bi Zena, peke yake ingawa amezungukwa, maana waliokuwa karibu naye walikuwa wamejivuta hatua moja.

Bwana Miwani akasema meli inaondoka keshokutwa. Magunia yaliyobaki ghalani lazima yaondoke na lori lile kabla ya alasiri, ama yakose meli. Yakikosa meli, benki itadai fedha iliyokwisha kutoa, na hapatakuwa na fedha nyingine kwa msimu huu. Lakini hawezi kupakia kitu mpaka ajue ni nini kilichotokea, kwani kama muhuri wa Bagamoyo si wa kuaminiwa basi hakuna haja ya kuwa na ghala hapa.

Bwana Mshamu akaeleza maelezo yake. Aliyasema vizuri, kwa mpango.

"Wewe mama," Bwana Miwani akamgeukia Bi Zena, "ulifungua magunia?"

"Sikufungua. Nilivyoyaleta ndivyo yalivyo. Yalinyeshewa, nikayapangusa, nikayaanika, nikayaleta. Nimemwambia huyu." Akaninyooshea kidole. "Omari, sikukwambia?"

"Uliniambia, Bi Zena."

"Basi sema."

Nilikuwa na mke, na watoto wanne, na miaka kumi na kitu ya kazi, na kile kipande cha mti kilichoaminiwa na benki. Vyote hivyo vilinipita mbele ya macho. Nikaona pia minazi ya Mbegani, ambayo naijua, nimepita chini yake tangu utoto. Nikapiga moyo konde.

"Bwana," nikasema, "magunia hayakubadilishwa. Ni kosa langu. Niliyapitisha bila kuonja."

Akavua miwani. "Bila kuonja haya matatu?"

"Bila kuonja yote. Tangu mwezi uandame. Nimefunga, Bwana. Niliogopa kutia kitu mdomoni mchana, nikaogopa na watu watakavyosema. Nilikagua kwa mkono na pua tu."

Bwana Mshamu aliketi juu ya gunia. Wanaume walitazama chini, na nilijua wengi wao wangefanya kama mimi, na kwamba hilo halinisaidii kitu. Aliyezungumza ni Bi Zena.

"Omari," akasema, "ulifuturu nini jana?"

Nilidhani ananidhihaki. "Mihogo ya nazi, Bi Zena."

"Chumvi ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Na juzi?"

"Ilikuwa sawa."

"Sasa unafikiri mkeo anajuaje? Anaota?" Sauti yake ikajaa ghala. "Saa kumi jioni, kinywa kikavu, mwanamke amesimama jikoni, anachota kwa ncha ya mwiko, anagusa kwa ulimi, anatema, anasukutua. Mama yako alifanya hivyo. Bibi yako alifanya hivyo. Saumu inabaki palepale. Toka ulipozaliwa unakula futari iliyoonjwa, usiulize hata siku moja!"

Wanawake wakacheka, wa mbele kwanza, halafu wote, kicheko cha watu waliokuwa wameshikwa na hofu. Wanaume hatukucheka. Nilitazama nyuso za wenzangu, nikaona si mimi peke yangu niliyekuwa nasikia jambo hili kwa mara ya kwanza. Baadaye nilimwuliza Maalim, akanijibu hivyohivyo: kuonja kwa haja, ukatema na usimeze, hakubatilishi saumu. Alishangaa tu kwamba nimekaa mwezi mzima nyumba ya nne kutoka kwake.

Bwana Miwani hakuelewa yote, lakini alielewa ya kutosha. Aliandika kitu, akanyoosha mkono, nikampa muhuri. Akautia mfukoni mwake. Akauliza ni nani mwingine katika wilaya anayeweza kuonja mbata. Bwana Mshamu akasema, kwa sauti ndogo, hakuna. Akauliza saa ngapi sasa. Ilikuwa inakaribia saa tatu.

"Basi utaonja wewe," akaniambia, "na muhuri nitapiga mimi. Yote."

Yalikuwa magunia zaidi ya mia. Bi Zena alitafuta kopo, akalijaza mchanga, akavuta kibao akaketi kando yangu. Nikamwomba akapumzike. "Nitakaa hapa," akasema. "Mtu asije akasema umemeza." Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mkono mpaka begani, kunja, nusa, kata, tafuna, tema katika kopo, sema daraja. Bwana Miwani akapiga muhuri, wapagazi wakashona na kubeba. Mafuta ya mbata kwenye kinywa cha mfungaji ni adhabu, ladha inang'ang'ania mashavuni, mate yanakauka, na maji huwezi kunywa. Kufika gunia la hamsini sikuweza tena kutofautisha, nikawa nasukutua kwa uangalifu na kutema yote, Bi Zena akitazama koo langu kama polisi. Adhuhuri ikaingia, tukaswali kwa zamu hapohapo ghalani. Dereva wa lori akawasha injini mara mbili kutukumbusha.

Machungu niliyakuta, tena si machache. Kila nilipotamka la pili, mwenye gunia mlangoni alishuka mabega, maana la kwanza alikuwa amekwisha kulihesabu kichwani. Hakuna aliyenitukana. Ningependa mmoja anitukane.

Mwishoni yakabaki manne, mbali na yale matatu yaliyorudi na lori, na nilijua ni ya nani bila kutazama namba. Bi Zena naye alijua. Alikuwa ameshika kopo kwa mikono yote miwili. Fedha yake ya daraja la kwanza ingetimiza rehani. Ya la pili isingetimiza. Nilikata, nikatafuna, na nikawa na hakika tangu jino la kwanza, lakini niliendelea kutafuna. Nilitafuna muda mrefu nikitafuta utamu ambao haukuwepo. Bwana Miwani alikuwa ameinua muhuri anangoja. Kama ningesema la kwanza, hapana mtu duniani ambaye angejua mpaka bandarini.

"Sema, baba," Bi Zena akaniambia polepole. "Usinipe tena la uwongo. Lile la kwanza limenitosha."

Nikatema. "La pili," nikasema. Matatu yalikuwa la pili. La nne lilikuwa zuri.

Lori liliondoka kabla ya alasiri. Shehena iliyozuiwa bandarini ikaonjwa upya hukohuko, meli ikachukua, benki ikafungua mkono, ghala la Bagamoyo halikufungwa, na mwaka uliofuata mbata yetu ikaombwa kwa jina. Watu waliacha kupangusa ukungu, kwa sababu walijua sasa utasikika ulimini. Mimi nilinyang'anywa muhuri msimu mzima. Nilionja, mwingine akapiga. Bwana Mshamu alikwenda Mbegani kwa miguu kumwomba radhi Bi Zena, na hilo nitamheshimia daima.

Bi Zena alipata fedha pungufu. Mwenye duka alimrudishia minazi iliyo mbele ya nyumba, akabaki na ile ya kuelekea mtoni, ambayo ndiyo iliyokuwa inazaa zaidi. Ningekuwa nimeonja tangu siku aliyoleta magunia ya kwanza, angejua mapema, angekuwa na wiki mbili za jua kutengeneza mbata nyingine. Nimelipiga hesabu jambo hili mara nyingi, na kila mara linatoka vilevile. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, naye ameshalipiga.

Jioni ya siku ile ya lori nilifika nyumbani kinywa kimekufa. Mama Hadija akaweka sahani. Nikamwuliza kama ameonja.

"Miaka kumi na tisa," akajibu, akaendelea kukuna nazi.

Kopo la mchanga lipo chini ya meza ya ukaguzi, upande wa kushoto. Si takataka, msilitupe, na Ramadhani mbadilishe mchanga kila siku.

Tangu mwaka ule, kila mwezi ulipoandama, Bi Zena aliniletea bakuli la futari siku ya kwanza, limefunikwa kawa. Alikuwa na minazi michache na nazi hakuipunja. Mjukuu wake alifika mlangoni, akapiga hodi, akaniamkia shikamoo, akatoa salamu zilezile mbele ya wageni wangu wote. Bi Zena aliendelea hivyo mpaka mwaka jana, alipotutangulia. Mwaka huu mwezi umeandama, na mimi nilikaa mlangoni mpaka adhana, nikisubiri nisikie tena: "Bibi anakusalimu. Anasema kula bila wasiwasi, ameonja."